Ganda la Ndege au Kontena Uani: Mambo ya Kujua Kabla ya Kununua

Msafiri anayekwenda Morogoro kwa barabara kutoka Dar es Salaam haoni ajabu tena akikuta kontena lililomaliza kazi ya baharini limekuwa duka, ofisi ya wakala wa fedha au chumba cha mlinzi. Kutoka hapo si mbali kufikia wazo la pili: kwamba kontena kama hilo, au hata ndege kuukuu iliyostaafu, inaweza kuwekwa uani ikawa chumba cha wageni, chumba cha watoto cha kusomea, au nyumba ndogo ya kupangisha watalii wanaokuja kupanda Milima ya Uluguru.

Wazo hili lina mifano yake duniani. Katika uwanja wa ndege wa Arlanda, Stockholm, ndege aina ya Boeing 747 iliyotengenezwa 1976 iligeuzwa hosteli, ikaanza kupokea wageni 2009. Nchini Costa Rica, hoteli moja iliyo msituni iliinua juu ya nguzo bodi ya Boeing 727 ya mwaka 1965 na kuifanya malazi. Karibu nasi zaidi, Entebbe nchini Uganda, ufukwe wa burudani uitwao Aero Beach umeweka ndege za zamani kando ya Ziwa Victoria kuwa kivutio. Kwa upande wa ndege za kale zilizohudumia anga letu, majina yanayotajwa zaidi ni Dakota, yaani Douglas DC-3 iliyoruka mara ya kwanza 1935, na Fokker F27 Friendship. Zote mbili zilitumiwa na Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoanza kazi 1946 na kuvunjika 1977.

Picha za mifano hiyo humwonesha mlaji mwisho wa kazi, wala hazimwoneshi hesabu yake. Kwa sababu hiyo tumeandika makala hii, na shabaha yake ni moja: kumkumbusha mlaji kwamba bei ya ganda si bei ya nyumba. Tunaposema ganda, tunamaanisha bodi ya ndege au kontena tupu kabla halijafanyiwa kazi yoyote. Gharama kubwa, na hatari kubwa vilevile, hazimo katika kulinunua ganda bali katika kulisafirisha, kulikalisha na kulifanya mahali salama pa binadamu kulala.

Unanunua nini hasa?

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kabla ya kuulizia bei, ulizia karatasi.

Kontena huingia nchini likiwa chombo cha kubebea mizigo, kwa kawaida kwa muda tu, na hutakiwa kurudi lilikotoka. Kontena la namna hiyo haliwi bidhaa ya kuuzwa ndani ya nchi mpaka taratibu za forodha zikamilishwe na ushuru unaostahili ulipwe kwa Mamlaka ya Mapato Tanzania. Mwombe muuzaji hati ya kuthibitisha hilo. Muuzaji asiye nayo anaweza kuwa anakuuzia mali ya kampuni ya meli, na wewe ndiwe utakayefuatwa.

Kila kontena lina namba yake iliyoandikwa mlangoni na ubavuni: herufi nne, ambazo ya mwisho kwa kawaida ni U, zikifuatiwa na tarakimu sita na nyingine moja ya uhakiki. Piga picha ya namba hiyo siku unapolikagua, nayo iandikwe katika mkataba na katika risiti. Bila namba hiyo, mteja aliyechagua kontena zuri huko bandarini anaweza kuletewa jingine lililooza sakafu, na akakosa namna ya kuthibitisha kwamba silo.

Ndege nayo ina historia ndefu zaidi. Hakikisha kwamba imeondolewa katika daftari la usajili wa ndege. Kwa ndege iliyosajiliwa Tanzania, ambayo alama zake huanza na 5H, anayehusika ni Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Uliza pia kama ndege inadaiwa ada za maegesho au imewekwa rehani. Ndege iliyokaa uwanjani miaka mingi inaweza kuwa na wadai ambao hawakuhudhuria mauziano yenu. Mwisho, mkataba utaje kimoja kimoja vitu vinavyobaki: milango, madirisha, viti, magurudumu, mbawa, mkia. Bodi iliyong'olewa madirisha ni ganda jingine kabisa, na linastahili bei nyingine.

Jinsi ya kulikagua

Kontena likaguliwe mchana. Ingia ndani, mwenzako abaki nje afunge milango, kisha tazama juu na pembeni kwa dakika chache. Kila nukta ya mwanga unayoiona ni tundu la mvua. Usiingie peke yako kamwe, kwa kuwa makomeo ya kontena hufungwa kwa nje tu.

Kagua nguzo nne za pembeni, boriti za chini na pembe zote, maana uzito wote wa kontena hubebwa na fremu hiyo. Kutu ya juu juu katika kuta si tatizo kubwa. Kutu iliyokula boriti za chini ni sababu ya kuondoka. Sakafu ya kontena kwa kawaida ni mbao za tabaka zenye unene wa kama milimita 28, na nyingi zimetiwa dawa ya kuua wadudu ili zisisafirishe wadudu kutoka nchi moja hadi nyingine. Dawa hiyo huandikwa katika kibao cha chuma kilichogongomewa mlangoni. Kama maandishi yake yamefutika, au kama ndani kuna harufu kali isiyokwisha, tunashauri sakafu yote ing'olewe na kuwekwa mpya. Mtoto anayetambaa hukaa karibu na sakafu kuliko mtu mwingine yeyote nyumbani.

Kwa ndege, kagua ribiti na maungo ya alumini. Unga mweupe unaofumka kandokando ya ribiti ni kutu ya alumini. Ukubali pia kwamba rangi ya msingi iliyopakwa ndani ya ndege za kale, aghalabu ya kijani au njano, mara nyingi ina kromati, kemikali inayoweza kusababisha saratani. Rangi hiyo isikwanguliwe wala kupigwa msasa mkavu na fundi asiye na kinga ya pua na macho. Vumbi lake ndilo lenye madhara. Saa na vipimo vya chumba cha rubani katika ndege za enzi za vita, ambavyo sindano zake ziling'aa gizani, huenda vilipakwa rediamu, madini yenye mnururisho. Visifunguliwe, wala visifanywe mapambo ya sebuleni kabla ya kupimwa na wataalamu wa nguvu za atomiki.

Zaidi ya hayo, kabla ya ndege kukabidhiwa, muuzaji aondoe betri, mitungi ya oksijeni, mitungi ya kuzimia moto yenye vifyatuzi, na mafuta ya haidroliki. Matangi ya mafuta yasafishwe na kupulizwa hewa na mtu mwenye ujuzi. Katika Dakota, matangi yamo katika kipande cha bawa kinachopita chini ya bodi yenyewe. Tangi linaloonekana tupu huwa limejaa mvuke, na cheche moja ya fundi wa kuchomelea inatosha kuulipua.

Safari ya kulifikisha

Morogoro huitwa mji kasoro bahari, na kwa mnunuzi wa kontena kasoro hiyo ina gharama: ni karibu kilomita 200 kutoka bandarini. Kontena la futi 20 lina urefu wa mita 6.06, upana wa mita 2.44 na uzito mtupu wa tani mbili na ushei. La futi 40 lina urefu wa mita 12.19 na uzito unaokaribia tani nne. Yote mawili hubebwa na malori ya kawaida kwa sababu ndiyo yaliyotengenezwa kwa ajili yake. Lakini bei ya lori si bei ya kushusha. Uliza mapema nani analeta kreni, nani anailipa ikisubiri, na itasimama wapi.

Ndege haisafiri kwa barabara ikiwa nzima. Mbawa za Dakota, kama za Fokker F27, zina upana wa takriban mita 29 kutoka ncha hadi ncha. Lazima zifunguliwe au zikatwe. Bodi ya Fokker pekee ina urefu wa zaidi ya mita 23. Mzigo wa aina hiyo huhitaji trela maalumu na kibali cha mzigo usio wa kawaida kutoka Wakala wa Barabara, na huenda ukahitaji gari la kuongoza msafara. Anayekuuzia bodi akikwambia usafiri "utajulikana mbele ya safari", fahamu kwamba amekwisha kukuachia sehemu nzito ya gharama. Hoteli ile ya Stockholm ilikuwa na nafuu moja ambayo wengi hawaifikirii: ndege yake haikutoka nje ya uwanja wa ndege.

Kuhusu milimani, tuseme wazi. Njia za kupanda Mgeta, Bunduki, Kinole au Matombo zina kona kali na miteremko mirefu, na wakati wa masika baadhi ya vipande havipitiki hata kwa gari dogo. Kabla ya kulipa hata shilingi ya kwanza, pita njia hiyo pamoja na dereva atakayebeba mzigo, mkiwa na kamba ya kupimia. Pimeni kona, madaraja, matawi ya miti na nyaya za umeme. Dereva akisita, mwaminini. Kwa viwanja vingi vya milimani, chumba cha matofali ya kuchoma au cha mawe ya hapo hapo kitakuwa rahisi kuliko ganda lolote, kwa kuwa tofali hupanda mlima kwa mkono.

Ardhi na kibali

Wapo wauzaji wanaosema kwamba kontena au ndege haihitaji kibali kwa kuwa "si jengo, linahamishika". Usiitegemee kauli hiyo. Sheria ya Mipangomiji ya 2007 inahusu uendelezaji wa ardhi, na mahali pa kuishi penye msingi, umeme na maji taka ni uendelezaji, ziwe kuta zake za tofali au za chuma. Katika Manispaa ya Morogoro, nenda ofisi ya mipango miji na michoro yako kabla ya kununua. Vijijini, anzia halmashauri ya kijiji, kisha halmashauri ya wilaya husika, iwe ya Morogoro au ya Mvomero.

Katika Uluguru kuna jambo la ziada. Kwa desturi ya Waluguru, ardhi ya ukoo hufuata upande wa mama. Mtu anayelima shamba miaka yote anaweza kuwa na haki ya kulitumia bila kuwa na haki ya kulikabidhi au kujenga juu yake kitu cha kudumu. Kwa hiyo kaeni na wazee wa ukoo, mwafaka uandikwe, na ushuhudiwe na uongozi wa kijiji. Hili ni muhimu zaidi kwa anayetaka kupangisha watalii, kwa sababu ugomvi wa ardhi huanza siku fedha inapoonekana, na ganda lililokwisha kukalishwa haliondoki bila kreni ya pili.

Aidha, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Vijito vya Uluguru ndivyo vinavyoulisha Mto Ruvu, ambao maji yake hunywewa hadi Dar es Salaam. Shimo la choo cha wageni lililochimbwa kando ya kijito ni kosa kwa sheria na ni dhuluma kwa walio chini.

Msingi na upepo

Kontena likalie nguzo za zege au misingi imara chini ya pembe zake nne, wala lisilazwe juu ya udongo. Likilala chini, unyevu utakula boriti bila mwenye nyumba kuona. Linyanyuliwe kiasi cha mtu kuweza kuchungulia chini. Kila tundu la dirisha au mlango litakalokatwa ubavuni hupunguza nguvu ya ukuta, kwa hiyo lizungushiwe fremu ya chuma iliyochomelewa vizuri. Kukata ukuta mzima ili kuunganisha makontena mawili ni kazi inayohitaji mchoro wa mhandisi, si makisio ya fundi.

Bodi ya ndege ibebwe mahali ilipozoea kubebwa: penye miguu ya magurudumu au penye alama za jeki. Ukiweka gogo popote upendapo, ngozi ya alumini itabonyea. Dakota ina tabia nyingine. Ikiegeshwa, pua huwa juu na mkia chini, kwa kuwa gurudumu lake la nyuma ni dogo, na sakafu yake huwa mlima. Mkia lazima uinuliwe mpaka sakafu iwe sawa, vinginevyo umenunua chumba ambacho kitanda hakikai.

Ndege yenye mbawa, hata bila injini, bado huuitikia upepo. Ikiwa mbawa zitabaki, ifungwe kwa minyororo kwenye nanga za zege. Jihadhari pia na metali mbili zinazokutana: alumini ikigusana na shaba au chuma kitupu penye unyevu huliwa haraka, na zege bichi huila pia. Weka mpira au kizuizi kingine katikati.

Joto la mchana, jasho la usiku

Malalamiko ya kwanza ya wanaoishi ndani ya ganda la chuma ni joto. Bati la kontena lina unene wa milimita mbili hivi tu, na chuma hupitisha joto mara moja. Katika miezi ya Novemba hadi Februari mjini Morogoro, kontena lisilo na kinga halikaliki mchana.

Malalamiko ya pili hayatarajiwi: maji. Usiku wa baridi wa Mgeta, pumzi za watu wawili waliolala hukutana na chuma baridi, hugeuka matone, na asubuhi dari inadondosha. Wengi hudhani paa linavuja, wakanunua lami bure. Dawa ni tatu kwa pamoja. Kwanza, paa la pili la mabati liinuliwe juu ya ganda, hewa ipite katikati. Hili hukinga jua na mvua kwa gharama ndogo kuliko kiyoyozi. Pili, kuta na dari ziwekewe kihami joto kinachogandamana na chuma pasipo kuacha nafasi ya hewa yenye unyevu. Tatu, matundu ya hewa yawepo pande mbili zinazotazamana, chini na juu.

Kumbuka kwamba metali hutanuka. Bodi ya alumini yenye urefu wa mita 23 ikipata joto la nyuzi 30 zaidi ya usiku, hurefuka kwa takriban milimita 16. Bomba la maji lililokazwa bila nafasi ya kucheza litapasuka, na gundi ya madirisha itaachia.

Hewa, mlango na moto

Katika makala nzima, sehemu hii ndiyo tunayomwomba msomaji asiiruke.

Madirisha ya ndege za abiria hayafunguki, na kontena limetengenezwa lisipitishe hewa. Jiko la mkaa likiwashwa ndani ya chumba cha namna hiyo, hata kwa kuota tu usiku wa baridi, hutoa gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu wala rangi. Mtu husinzia, asiamke. Jiko la mkaa lisiingie kabisa ndani ya ganda. Jiko la gesi liwe karibu na dirisha linalofunguka, na mtungi wake ukae nje.

Makomeo ya nje ya kontena yang'olewe au yachomelewe yasifunge tena, na mlango wa kawaida unaofunguka kwa ndani uwekwe. Pawe na njia ya pili ya kutokea upande wa mbali: mlango mwingine au dirisha kubwa lisilo na nondo za kudumu. Ganda ni jembamba na refu. Moto ukianzia mlangoni, aliye mwisho hana pa kupita. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hutoa ushauri kuhusu njia za kutokea na vizimia moto, na tunahimiza ushauri huo utafutwe wakati wa kuchora, si baada ya kupaka rangi.

Umeme ndani ya nyumba ya chuma

Katika nyumba ya matofali, waya uliochubuka hugusa ukuta usiopitisha umeme. Katika ganda la chuma au alumini, waya huo huo hugeuza kuta, sakafu na kitasa cha mlango kuwa umeme. Mtu anayetoka kuoga, miguu ikiwa na maji, akashika kitasa, anaweza kufa pale pale.

Kwa hiyo mambo manne hayana mjadala. Kazi ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, na umwombe akuoneshe leseni yenyewe. Ganda lote liunganishwe na waya wa ardhini uliozamishwa vizuri na kupimwa. Pawe na swichi inayojikata yenyewe mara umeme unapovuja. Na kila waya unaopita katika tundu la chuma uvalishwe bomba la plastiki lenye kingo laini. Kuvuta waya kutoka nyumba kubwa kwa kupitia dirishani ni kinyume cha yote hayo. Kwa walio juu milimani, ambako radi ni za mara kwa mara, kinga ya radi ni sehemu ya kazi ya umeme, wala si nyongeza ya anasa.

Jinsi ya kulinganisha gharama

Tunapendekeza hesabu moja rahisi. Chukua karatasi uandike mistari hii: ganda lenyewe, forodha na hati, usafiri, kreni, vibali na michoro, msingi, kukata na kuchomelea, kihami joto na dari, paa la pili, sakafu, milango na madirisha, umeme, maji na choo, rangi na kinga ya kutu. Kila mstari uombewe bei ya maandishi kutoka kwa watu wawili. Jumlisha, kisha ongeza akiba ya dharura.

Sasa pima eneo utakalolitumia, si lile linalotajwa na muuzaji. Kontena la futi 20 lina upana wa ndani wa mita 2.35 na urefu wa mita 5.9, yaani karibu mita 14 za mraba. Ukiweka kihami na mbao zenye unene wa sentimita tano kila upande, utabaki na mita 13. Kitanda cha futi sita kikikaa kwa upana, hakuna pa kupita pembeni. Katika bodi ya ndege kuta hujipinda, na mtu mzima husimama wima katikati tu.

Gawanya jumla ya gharama kwa idadi ya mita za mraba. Kisha mwombe fundi wa eneo lako bei ya chumba cha tofali chenye ukubwa huo huo, uigawanye vivyo hivyo. Linganisha namba hizo mbili tu. Ikiwa ganda ni ghali zaidi na bado unalitaka kwa uzuri wake au kwa kuvutia wageni, hiyo ni hiari yako, na umeitumia ukiwa na taarifa kamili. Lakini aliyelichagua kwa kudhani ni rahisi anastahili kuijua namba hiyo kabla akiba yake haijaisha katikati, ganda likabaki uani halilaliki wala haliuziki.

Ukiuziwa visivyo

Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu bidhaa. Muuzaji aliyesema kontena halivuji wakati linavuja, au aliyebadilisha namba, anaweza kushitakiwa. Lipa kwa benki au kwa njia inayoacha kumbukumbu, dai risiti ya mashine ya kielektroniki, na usimalize malipo yote kabla ya kukagua mzigo ukiwa umeshushwa kiwanjani. Tunza mkataba, picha na ujumbe wa simu. Anza kwa kumwandikia muuzaji barua. Asipojibu, peleka malalamiko Tume ya Ushindani, au fungua shauri mahakamani.

Kwa muhtasari, usilipe kabla hujajibu ndiyo kwa maswali haya saba:

1. Je, nimeona hati za umiliki na za forodha, au za kufutwa usajili wa ndege?
2. Je, namba au maelezo ya ganda yameandikwa katika mkataba?
3. Je, nimepita njia yote na dereva?
4. Je, nina kibali cha halmashauri na, panapohusika, mwafaka wa ukoo?
5. Je, najua kilichomo katika sakafu, rangi na matangi?
6. Je, mchoro una njia mbili za kutokea, hewa ya kutosha na waya wa ardhini?
7. Je, nimelinganisha gharama ya kila mita ya mraba na ile ya chumba cha tofali?

Jibu moja likiwa hapana, ganda linaweza kusubiri. Limekwisha kusubiri miaka bandarini au uwanjani. Wiki mbili zaidi za kuuliza hazitaliharibu, nazo zinaweza kuiokoa akiba ya familia na uhai wa watakaolala ndani yake.